SUBIRA NI MLANGONI: SOMO LA KUPITA KATIKA KIPLEFTI

Kijiji cha Kulesa ki kando ya Mto Tana, katika upande wa Garsen, nchi ya migomba, mpunga na miembe. Katika kijiji hicho hakuna kiplefti. Mtu aweza kuzaliwa hapo, akakua, akaoa, akajifunza kuendesha lori katika tope na mchanga, asipate hata siku moja kukizunguka kisiwa cha katikati ya barabara. Adui zake njiani ni wengine: utelezi wa masika, vumbi la kiangazi, ng'ombe wanaovuka kwenda mtoni, na mafuriko kama yale ya mwaka 1997 na ya mwaka 2023, yaliyokata barabara kabisa. Makutano makubwa ya kwao ni yale ya Minjila, ambapo njia ya Lamu huonana na ile ya Malindi na Garissa.

Hata hivyo dereva wa Kulesa hana budi kukijua kiplefti vizuri. Ufikapo msimu wa maembe, matunda hayangoji. Lori likitoka upande wa Garsen hushika barabara ya Malindi na Kilifi, mwendo wa kilomita zaidi ya 200, hata kufika soko la Kongowea katika Mombasa. Na ikiwa mnunuzi yuko bara, lori huvuka Daraja la Nyali, huingia kisiwani, na huko Makupa dereva hukikuta kile ambacho hakikuwako kwao. Matatu zatoka huku, tuktuk zatoka kule, malori ya makontena yatoka bandarini, na bodaboda zapenya katikati ya yote. Nyuma yake honi zinalia. Juu ya lori maembe yanaiva kwa jua. Dereva aingie sasa, au angoje? Akikosea kwa kuogopa, mzigo wa jamaa nzima utaharibika njiani. Akikosea kwa kuharakisha, hasara yaweza kuwa kubwa kuliko mzigo.

Ni kweli kwamba dereva huyo aliwahi kukiona kiplefti kabla ya safari yake. Katika shule za udereva za Kenya kuna mbao iliyochorwa mji wa mfano, pamoja na barabara zake, alama zake na kiplefti katikati, na mwanafunzi husukuma juu yake gari dogo la kuchezea huku akieleza anavyofanya. Mafunzo hayo ni mema sana, na mtihani hauwezi kupitwa bila ya kuyajua. Lakini gari lile dogo halina mzigo, wala hapana mtu anayelipigia honi kwa nyuma. Kwa hiyo yafaa mambo ya kiplefti yaelezwe kwa utaratibu, ili mtu ajue sababu ya kila kanuni. Kwa maana kanuni ijulikanayo sababu yake haisahauliki upesi.

JINA LAKE NA UMBO LAKE

Kiplefti ni makutano ya njia ambayo katikati yake pamewekwa kisiwa cha duara. Magari yote hukizunguka kisiwa hicho kwa upande mmoja tu, na kila moja hutokea kwenye njia lilitakalo. Katika Kenya, Uganda na Tanzania, ambako magari hushika mkono wa kushoto, mzunguko huo huenda kama iendavyo mishale ya saa. Katika Kenya wengi husema raundabauti, na wengine husema mzunguko wa barabara. Jina la kiplefti limeenea zaidi katika Tanzania, nalo lilitokana na maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa juu ya vibao vya barabarani, yenye maana ya "shika kushoto". Hivyo jina lenyewe ni nusu ya somo. Nusu ya pili, yaani nani apite kwanza, haimo katika jina, na hiyo ndiyo inayowatatiza watu.

Viplefti si vigeni katika miji ya Afrika ya Mashariki, na vingine vimekuwa alama za kuelekezana njia. Katika Dar es Salaam ile sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, imesimama katikati ya kiplefti. Arusha ina kiplefti cha Mnara wa Saa. Unguja ina kile cha Michenzani, kilichozungukwa na majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Mgeni akiuliza njia katika miji hiyo, aghalabu huambiwa kwanza afike kwenye kiplefti.

KILIVYOANZA

Mwaka 1905, katika mji wa New York, magari yaliamriwa kuuzunguka uwanja wa Columbus Circle kwa upande mmoja. Shauri hilo lilikuwa la William Phelps Eno, mtu aliyeitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta utaratibu wa magari mijini. Mwaka 1907 mji wa Paris ulifanya vivyo hivyo katika uwanja wa Étoile, panapokutana njia kubwa 12, kwa kufuata fikira za Eugène Hénard. Baada ya muda mfupi Waingereza nao walijenga cha kwao katika mji wa Letchworth.

Viplefti vya zamani vilikuwa na kasoro moja kubwa. Kuzunguka kwa upande mmoja kulikubaliwa, lakini haikuamuliwa kila mahali nani ampishe mwenzake. Na mahali pengine aliyekuwa akiingia ndiye aliyepewa haki ya kupita. Matokeo yake yalikuwa haya: magari yaliingia kwa wingi, mzunguko ukajaa, na yale yaliyotaka kutoka yakazuiwa na yale yaliyokuwa yakiingia. Kwa kuwa hakuna aliyetoka, hakuna nafasi iliyopatikana. Na kwa kuwa hakuna nafasi iliyopatikana, walio nje nao walikwama. Mzunguko ulijifunga wenyewe kama fundo la kamba.

Uingereza ililifungua fundo hilo mwezi wa Novemba mwaka 1966. Mhandisi Frank Blackmore na wenzake walikuwa wamejaribu kanuni moja nyepesi: agizeni aingiaye ampishe aliye ndani, anayekuja kutoka mkono wake wa kulia. Serikali iliikubali kanuni hiyo, ikawa sheria ya barabara. Hapakuwa na haja ya kuongeza barabara wala taa. Amri ya kupishana iligeuzwa tu, na magari yakaweza kwenda. Kanuni hiyo ndiyo inayofuatwa hivi leo katika Kenya na katika nchi nyingi za dunia. Uwanja wa Étoile wa Paris umebaki na desturi yake ya kale, na hata leo walio ndani huwapisha wanaoingia. Basi wageni wengi huogopa kuendesha gari mahali hapo.

HESABU YA HATARI

Mtu aweza kuuliza: Kwa nini kujisumbua na duara? Kwa nini njia mbili zisikatane tu? Jibu limo katika hesabu. Njia mbili zinapokatana kama msalaba, wahandisi wamehesabu mahali 32 ambapo njia ya gari moja yaweza kugongana na njia ya gari jingine. Katika kiplefti chenye safu moja ya magari, mahali hapo ni 8 tu. Tena katika njia ya msalaba gari laweza kulipiga jingine ubavuni kwa nguvu zake zote, au yakagongana uso kwa uso. Katika kiplefti magari yote yaenda upande mmoja, nayo yamekwisha kupunguza mwendo kwa sababu ya kona. Kwa hiyo yakigusana, aghalabu hugusana kwa pembeni, na madhara huwa madogo.

Katika uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2000, wataalamu waliangalia makutano 24 yaliyogeuzwa kuwa viplefti. Waliona kwamba ajali za kuumiza watu zilipungua kwa kiasi cha robo tatu, na zile za kuua au kulemaza zilipungua zaidi ya hapo. Faida hiyo haikuletwa na madereva wapya walio bora kuliko wa zamani. Watu ni wale wale, bali umbo la barabara liliwalazimisha kwenda polepole.

KANUNI MOJA ILIYO KUBWA

Watu wa Tana wanaweza kuifahamu kanuni ya kiplefti kwa mfano wa nyumbani. Njia wanazopitia mifugo kwenda mtoni, kati ya shamba na shamba, wafugaji wa Kiorma huziita malka. Kundi la ng'ombe likiwa limekwisha kuingia katika malka iliyo nyembamba na kunywa maji, mchungaji wa kundi la pili afanyeje? Akiwaingiza ng'ombe wake papo hapo, wanaopanda watakutana na wanaoshuka. Ndama watakanyagwa, shamba litaharibiwa, na hakuna atakayefika majini wala atakayerudi. Akingoja juu, la kwanza litatoka, na lake litashuka kwa amani. Kungoja kwake si unyonge, maana ndiko kunakomfungulia njia yeye mwenyewe.

Kiplefti ni hivyo hivyo. Aliye ndani apishwe ili apate kutoka, na kutoka kwake ndiko kunakomfanyia nafasi aliye nje. Wahenga walisema, "Mwenye nguvu mpishe". Lakini katika kiplefti methali hiyo haitumiki. Lori la tani nyingi likifika mlangoni, na ndani mna baiskeli inayozunguka kutoka kulia, lori halina budi kungoja. Cheo, ukubwa wa gari wala ukali wa honi havimpi mtu haki ya kuingia. Haki ni ya aliye ndani, hata akiwa mnyonge.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, kabla ya kufika, soma kibao. Kibao huonyesha njia ngapi zatoka katika kiplefti na kila moja yaelekea wapi. Amua mapema unakokwenda, kwa kuwa mtu asiyejua atokako ndiye asimamaye ghafula katikati.

Pili, chagua safu yako kabla ya kuingia. Anayegeuka kushoto ashike safu ya kushoto, na awashe taa ya ishara ya kushoto. Anayekwenda mbele moja kwa moja ashike safu ya kushoto, au ya katikati ikiwa safu ni tatu. Asiwashe taa yoyote wakati wa kuingia. Anayegeuka kulia, au anayetaka kurudi alikotoka, ashike safu ya kulia na awashe taa ya kulia. Ikiwa alama zilizochorwa barabarani zaagiza vingine, alama hizo zifuatwe.

Tatu, punguza mwendo, badilisha gia, utazame kulia. Ikiwa pana gari linalokuja ndani ya mzunguko, ngoja. Ikiwa hapana, ingia bila kusimama. Kwa maana kusimama mahali ambapo njia ni wazi huwachelewesha walio nyuma, na kwaweza kumfanya aliye nyuma akugonge.

Nne, ukiwa ndani, endelea na safu yako. Usihame ghafula kutoka safu ya ndani kwenda ya nje.

Tano, ukiisha kuipita njia iliyo kabla ya yako, washa taa ya kushoto. Taa hiyo yasema na wale wanaongoja mlangoni, nayo huwaambia, "Natoka, jiandaeni." Dereva asiyeiwasha huwaweka wengine wakingoja bure, hali nafasi ilikuwako.

Sita, ukiikosa njia yako, usikate mbele ya wengine wala usirudi nyuma. Zunguka tena. Mzunguko wa pili haulipiwi, nao huchukua muda mdogo.

Saba, ukisikia king'ora cha gari la wagonjwa au la zimamoto nawe umo ndani, usisimame hapo. Toka kwanza katika mzunguko, kisha jiweke kando, ili njia yake ipate kufunguka.

LORI LENYE MZIGO

Dereva wa lori ana mambo mengine ya kuangalia. Gari linapopinda, mzigo hutaka kuendelea kwenda moja kwa moja, na hivyo huegemea upande wa nje wa kona. Katika kiplefti jambo hilo hutokea mara tatu kwa kufuatana. Lori likiingia hupinda kushoto, na mzigo huegemea kulia. Likizunguka kisiwa hupinda kulia, na mzigo huhamia kushoto. Likitoka hupinda tena kushoto, na mzigo hurudi kulia. Kuyumba huku na huku ndiko kunakoyaangusha malori yaliyopakiwa juu sana. Na ifahamike kwamba mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu inayousukuma mzigo upande haizidi mara mbili, bali mara nne. Kwa hiyo magunia na makasha ya maembe yafungwe imara yasiweze kuteleza, yaliyo mazito yawekwe chini, na breki zishikwe kabla ya kona, si ndani yake.

Jambo jingine ni magurudumu ya nyuma. Katika lori refu, magurudumu hayo hayafuati njia ya yale ya mbele, bali hukata kona kwa ndani. Wakati wa kuingia na wa kutoka hukaribia ukingo wa kushoto, na hapo ndipo wasimamapo wenye bodaboda na baiskeli. Dereva aangalie kioo cha kushoto, na tanboi wake, ikiwa yupo, aangalie pia. Wenye bodaboda nao wanaonywa wasijipenyeze kati ya lori na ukingo wa njia. Aliye mahali pale dereva hamwoni, na asiyeonekana hapishwi.

Wapitao kwa miguu wasivuke kwa kukikata kisiwa cha katikati, hata kama kina majani mazuri na kivuli. Wavuke penye kivuko cha milia, nyuma kidogo ya mlango wa kiplefti. Na dereva anayetoka akumbuke kwamba jicho lake likiwa limeshughulika na magari ya kulia, mtoto wa shule aweza kuwa mbele yake upande wa kushoto.

HESHIMA NA MAHALI PAKE

Kuna kosa moja ambalo humpata mtu mwema kuliko mtu mbaya. Chukua mfano wa dereva kijana aliyelelewa vizuri kijijini. Amezoea kumsimamia mzee apite, na kumpisha mwenye mzigo. Anaingia katika kiplefti kwa utaratibu wote. Kisha, alipo ndani, aona matatu imengoja mlangoni muda mrefu. Moyo wake wamwambia aipishe. Asimama ndani ya mzunguko, aipungia mkono iingie.

Tazama yatokeayo. Gari lililo nyuma yake halikutazamia kusimama, nalo lashika breki kwa kishindo. Matatu ya pili yaifuata ya kwanza, na ya tatu yaifuata ya pili, maana mlango umefunguliwa. Kufumba na kufumbua walio ndani hawawezi kutoka, na fundo lile la zamani, lililofunguliwa mwaka 1966, limefungwa upya na mtu mmoja mwenye adabu. Kijana huyo hakukosa heshima. Aliiweka mahali pasipo pake. Subira ya kiplefti ni mlangoni. Kabla ya kuingia, mtu angoje kadiri ya haja. Akiisha kuingia, heshima yake kwa wenzake ni kwenda mbele na kutoka.

KANUNI INAPOSHINDWA

Haifai kusema kwamba kiplefti ni dawa ya kila ugonjwa. Magari yakizidi sana, au njia moja ikiwa na magari mengi mno kuliko nyingine, wale wa njia ndogo hungoja bila kupata nafasi, na hapo watu huanza kuivunja kanuni. Nairobi imeyaona hayo. Katika Barabara ya Uhuru palikuwa na mfululizo wa viplefti vilivyokaribiana, na saa za asubuhi na jioni askari wa polisi walisimama kuyaongoza magari kwa mikono, hata mahali penye taa. Mwaka 2015 serikali ya kaunti iliweka mapipa barabarani ili kuwazuia madereva wasigeuke kulia katika viplefti hivyo, wakalazimika kwenda mbele na kutafuta njia ya kurudia. Mapipa yale yalizungumzwa mjini kote, kwa kicheko na kwa malalamiko, wala hayakudumu.

Mahali pengine viplefti viliondolewa kabisa. Barabara ya Thika ilipojengwa upya kati ya mwaka 2009 na 2012, viplefti vya Pangani na Muthaiga vilibadilishwa kwa njia zinazopita juu na chini. Kazi ya namna hiyo huhitaji fedha nyingi na nafasi kubwa, nayo hufaa pale ambapo magari ni mengi mno. Kwa mji wa kadiri, kiplefti kinachoheshimiwa na watu wake hutosha. Nacho hakina taa za kuzimika umeme ukikatika.

Msomaji na atambue jambo moja katika habari hizo. Askari anaposimama katika kiplefti na kuamuru, amri yake hushinda kanuni, na hapana budi kutiiwa. Lakini askari akiondoka, kanuni hurudi mahali pake. Wako madereva ambao, asipokuwapo askari, hudhani kwamba hapana sheria. Hao ndio wanaolifunga fundo.

PENYE MKONO WA KULIA

Kwa wale wanaosafiri mbali, onyo moja zaidi. Katika Rwanda, Burundi na Kongo magari hushika mkono wa kulia. Dereva wa Kenya au Uganda akivuka mpaka huko, mzunguko hugeuka: magari huzunguka kinyume cha mishale ya saa, na wa kutazamwa ni yule anayekuja kutoka kushoto. Hivyo ndivyo ilivyo katika mji wa Goma, ambako kiplefti kimoja kina sanamu ya mtu na chukudu, lile gari la mbao lenye magurudumu mawili linalobeba mizigo ya watu wa Kivu. Hivyo ndivyo ilivyo pia katika Oman, ambako wako Waswahili wengi, na ambako viplefti vya mji wa Muscat vilijulikana kwa minara na mapambo yaliyowekwa katikati. Mkono hubadilika, lakini maana haibadiliki: aliye ndani apishwe.

MASWALI YA KUJIPIMA

Dereva na ajiulize maswali haya, na mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi wake.

1. Lori la maembe limefika mlangoni mwa kiplefti, na ndani mna baiskeli inayokuja kutoka kulia. Nani apite? Jibu: Baiskeli, kwa kuwa imo ndani.

2. Dereva anataka kwenda mbele moja kwa moja. Awashe taa lini? Jibu: Asiwashe wakati wa kuingia; awashe ya kushoto akiisha kuipita njia iliyo kabla ya yake.

3. Dereva ameipita njia yake kwa bahati mbaya. Afanyeje? Jibu: Azunguke tena.

4. Mzigo wa lori huegemea upande gani lori linapokizunguka kisiwa katika Kenya? Jibu: Upande wa kushoto, ulio nje ya kona.

5. Aliye ndani amwona mwenzake amengoja muda mrefu mlangoni. Je, asimame ampishe? Jibu: La. Aendelee na atoke, kwa maana kutoka kwake ndiko kunakompa mwenzake nafasi.

Ayajuaye majibu hayo, hata kama ametoka Kulesa na hajaona kiplefti ila juu ya mbao ya shule, ataweza kufika Makupa, kutazama kulia, kungoja kadiri ya haja, na kupita salama pamoja na maembe yake.